Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu, KICD, KNEC na TSC: Mpeni mtoto swali, kisha mketi mumsikilize

Kwa Waziri wa Elimu, kwa wakuu wa Taasisi ya Kukuza Mitaala, wa Baraza la Mitihani na wa Tume ya Huduma kwa Walimu, na kwa walimu wakuu wa shule za upili za Nairobi.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya kutwa ya umma huku Eastlands. Huu ni mwaka wangu wa 16 darasani. Kwa miaka sita kati ya hiyo nimekuwa nikibaki shuleni kila Ijumaa baada ya saa kumi na kikundi cha wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, tukifanya utafiti mdogo mdogo na kuuwasilisha mbele ya watu. Naandika kwa sababu kazi hiyo ya Ijumaa, ambayo haikuwa na jina wala nafasi kwenye ratiba, sasa imeingia katika mtaala wa kila mtoto, na naona dalili kwamba makaratasi yataiua kabla haijasimama dede.

Nianze na tunapotoka. Chukueni karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, ile ya fasihi. Mara kwa mara huja swali la fasihi simulizi linalomtaka mtahiniwa aeleze mbinu atakazotumia kukusanya data nyanjani. Wanafunzi wangu hulijibu bila kukuna kichwa: mahojiano, hojaji, kushiriki, kurekodi. Wanataja faida za kila mbinu, wanataja na udhaifu wake, wanazoa alama zote. Mwaka mmoja niliwauliza Kidato cha Nne, darasa la watoto 53: ni nani kati yenu aliyewahi kumhoji mtu? Ilipanda mikono miwili. Wa kwanza alikuwa amemhoji nyanya yake kuhusu ukoo wao. Wa pili alipofafanua, ikabainika kwamba yeye ndiye aliyehojiwa, na karani wa sensa ya 2019.

Kiingereza nacho ni vivyo hivyo. Karatasi ya kwanza ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Alama hizo zote hupatikana kwa kalamu, chumba kikiwa kimya, msimamizi akizunguka katikati ya madawati. Mtoto anaandika jinsi ambavyo angeiangalia hadhira, jinsi ambavyo angepaza sauti, mahali ambapo angetua. Katika Jiografia kuna swali la ziara ya nyanjani, na wapo watoto wa mitaa hii wanaosimulia ziara ya shamba la majani chai ambalo hawajalitia machoni, kwa sababu nauli ya basi haikupatikana na mwalimu akawapa maelezo ya kukariri. Simlaumu mwalimu huyo. Nami nimefanya hivyo katika somo langu, tena zaidi ya mara moja, silabasi iliponikaba koo.

Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya iliingia shule za upili. Katika shule yetu sasa wapo wao, pamoja na Kidato cha Tatu na cha Nne wa 8-4-4, mfumo wa zamani, ambao wa mwisho wao watafanya KCSE mwaka 2027. Gredi ya 10 wamekuja na somo la Huduma kwa Jamii, ambalo ni la lazima katika mikondo yote mitatu, awe mtoto wa sayansi, wa sayansi za jamii au wa sanaa na michezo. Humo mwanafunzi anatakiwa aitazame jamii yake, atambue tatizo, akusanye data, atende jambo, kisha aeleze alichokipata. Niliposoma hayo nilifurahi kwa dhati. Halafu nikakumbuka kwamba hata 8-4-4 ilipoanza mwaka 1985 ilikuja na ahadi ya mikono, ya useremala na ufundi na kilimo, na wengi wetu tuliopita humo tunajua jinsi ahadi ile ilivyopungua mwaka baada ya mwaka hadi ikabaki kukariri. Kilichokosekana wakati ule kilikuwa vifaa na mtu wa kusimama kando ya mtoto anapofanya kazi. Kuhusu vifaa sina mengi ya kusema leo. Ninalotaka kuwaeleza ni hilo la mtu.

Mwaka juzi msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliniletea mada yake: “Madhara ya uchafuzi wa mazingira nchini Kenya.” Kila mwaka napokea mada za namna hii, pana kama Bahari ya Hindi, na huwa siwakatazi papo hapo. Nilimuuliza: asubuhi kabla hujaja shule unafanya nini? Akasema anachota maji. Wapi? Inategemea. Inategemea nini? Kama mfereji wa ploti unatoka. Na usipotoka? Ananunua kwa wachuuzi. Bei gani? “Inategemea, Mwalimu.”

Hiyo “inategemea” ya pili ndiyo iliyokuwa utafiti wake. Ilituchukua Ijumaa mbili kuibadilisha ikawa swali linaloweza kujibiwa na mtoto mwenye daftari, miguu miwili na muda wa jioni: bei ya mtungi wa lita 20 katika mtaa wetu hubadilika vipi siku mfereji unapokauka, na je, hubadilika kwa wachuuzi wote?

Kisha ikaja hojaji. Rasimu yake ya kwanza iliuliza, “Je, unakubali kwamba wachuuzi wa maji wanawanyanyasa wananchi?” Nilimwambia ajifanye mchuuzi na kulijibu yeye mwenyewe. Alisoma swali lake kwa sauti, akanyamaza kidogo, akalifuta. Hakuna ukurasa wa kitabu cha kiada uliomfundisha somo hilo. Alijifunza kwa kulisikia swali lake mwenyewe likimrudia.

Mchuuzi wa kwanza alimfukuza. Alimwona na kalamu na daftari, akamuuliza, “Wewe umetumwa na kanjo?”, yaani askari wa jiji. Mtoto alirudi amenuna na karibu aiache kazi yote. Ijumaa hiyo hatukuandika neno. Tulikaa tukazungumza jinsi ya kumwendea mtu aliye kazini: vaa sare ya shule, beba barua yenye muhuri, amkia, jitambulishe, usiandike wakati anampimia mteja, na ukiweza nunua kwanza ndipo uulize. Alirudi kwa mchuuzi yule yule siku ya nne, na safari hiyo akapewa hata kibao cha kukalia.

Alifuatilia wachuuzi saba kwa siku 24. Daftari lake la kurasa 96 bado ninalo, alilichora safu kwa rula: tarehe, mfereji unatoka au hautoki, bei ya mchuuzi wa kwanza hadi wa saba. Alipomaliza alichora grafu, akanijia na tatizo ambalo sitalisahau. Wachuuzi sita bei yao ilipanda kila mfereji ulipokauka, kama alivyotarajia. Mchuuzi namba tano hakupandisha hata siku moja. Mstari wake ulikuwa umelala chini ya ile mingine.

“Mwalimu,” akaniambia, “huyu namba tano nimtoe? Anaharibu.”

Waheshimiwa, naomba mtulie hapa kidogo, kwa sababu barua hii yote imetokana na sentensi hiyo. Mtoto huyu hakuwa mwongo. Kwa miaka kumi na miwili shule ilikuwa imemfundisha kwamba jibu sahihi lipo tayari mahali fulani, kwenye mwongozo wa kusahihisha, na kazi yake ni kulifikia. Kitu kisichoingia katika jibu hilo ni kosa, na kosa hufutwa. Kama asingekuwa na mtu wa kumuuliza jioni ile, namba tano angefutwa, grafu ingependeza, ripoti ingepata alama nzuri, na yeye angeondoka shuleni akiamini kwamba hivyo ndivyo utafiti unavyofanywa. Nilimwambia, “Huyo ndiye utafiti wako. Rudi ukamuulize.”

Alirudi. Mchuuzi akamwonyesha kitabu cha madeni. Wateja wake karibu wote ni wa mkopo, wanalipa Jumamosi wakipata ujira. Akipandisha bei katikati ya wiki wanahamia kwa mwingine na deni linapotea. Kwa hiyo hawezi kupandisha, hata akitaka. Katika ripoti yake msichana yule aliandika hivi, na sikubadilisha herufi: “Mchuuzi namba tano hapandishi bei kwa sababu anawadai wateja wake, si kwa sababu ana huruma kuliko wenzake.” Nimesoma insha za watoto kwa miaka 16. Sentensi iliyonipa fahari kuliko hiyo bado sijaiona.

Sasa niwaeleze ilinigharimu nini, kwa maana hapa ndipo TSC inapoingia. Nilipiga hesabu ya muda niliokaa na mtoto huyo peke yake, kuanzia mada hadi siku ya kuwasilisha. Ni saa nne na nusu hivi. Katika jiji hili hili zipo shule zinazofuata mtaala wa kimataifa wa IB, ambako mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho huandika insha ndefu ya utafiti isiyozidi maneno 4,000, na mwalimu mlezi hutarajiwa kumpa kila mtoto kati ya saa tatu na tano, wakifunga kwa mahojiano mafupi ya ana kwa ana. Yaani saa ninazozitoa Ijumaa, zisizohesabiwa popote, wenzetu walizipima zamani wakaziweka kwenye mpango wa kazi. Watoto wao hawana akili kuwapita wetu. Walichonacho ni mtu mzima aliyetengewa muda wa kuwasikiliza.

Najua hesabu itawatisha. Watoto 50 kwa saa tatu kila mmoja ni saa 150, na kwa vipindi vya dakika 40 hizo ni vipindi 225 kwa darasa moja. Haiwezekani, na siombi hivyo. Ila wakigawanywa katika vikundi vya watu watano, kila kikundi na swali lake, vikundi ni kumi, saa ni 30, vipindi ni 45. Hivyo vinaweza kupatikana ndani ya mwaka mmoja wa shule. Ninachoiomba Tume ni kwamba vipindi hivyo 45 vihesabiwe kuwa mzigo wa kazi wa mwalimu, viandikwe kwenye ratiba, na mwalimu anayevitoa apunguziwe vingine. Vikiachwa viwe vya hiari baada ya saa kumi, vitafanywa na wachache wenye mapenzi hadi wachoke, na shule jirani haitavifanya kabisa. Mimi mwenyewe nimewahi kukaribia kuacha, mwaka niliokuwa na mtoto mchanga nyumbani.

Nimetaja siku ya kuwasilisha. Watu wengi wananiambia shida ya watoto wetu ni woga. Mimi sikubaliani nao. Hawa ndio watoto wanaosimama kwenye tamasha la muziki na la drama wakakariri shairi la dakika tano mbele ya ukumbi uliojaa bila kutetemeka. Wanaombea ibada, wanapanga mechi za mtaa, wanabishana na makanga juu ya nauli hadi abiria wote wanageuka. Sauti wanayo. Kinachowashinda ni kitu kingine: shairi likiisha watu hupiga makofi nawe hushuka, lakini utafiti ukiisha watu huinua mikono. Kusimama pale baada ya kumaliza, mtu akakuuliza kitu usichokitarajia, nawe ukafikiri mbele ya macho ya watu, hilo halimo katika tamasha lolote tulilo nalo wala katika karatasi yoyote ya mtihani.

Kwa hiyo katika mazoezi yetu hotuba huchukua dakika tano na maswali dakika kumi. Kwanza mtoto humweleza mwenzake matokeo yake kwa Sheng, wakiwa wamekaa, bila karatasi. Wakielewana, anasimama na kueleza tena kwa Kiswahili sanifu. Akianza kusoma namnyang'anya karatasi, kwa upole, na kumwachia kipande chenye maneno sita tu. Karatasi ya manila iwe na mchoro mmoja, si aya. Na tunafanya zoezi la kusema “sijui” kwa heshima: “Hilo sikulichunguza, lakini ningetaka kulijua ningefanya hivi.” Watoto wengi hawajawahi kusikia mtu aliye mbele ya darasa akisema hajui, mimi nikiwemo.

Siku yenyewe tuliketi kwenye ukumbi wa kulia chakula, meza zimesukumwa ukutani. Wazazi walikuja, mzee wa Nyumba Kumi alikuja, na mchuuzi namba tano akaja, amevaa koti. Msichana yule alimaliza, na mzee akamuuliza: “Binti yangu, ulijuaje kama hawakukudanganya bei?” Ukumbi ukanyamaza. Yeye naye akanyamaza, nikahesabu moyoni hadi nane. Kisha akasema, “Wawili walinidanganya, babu. Nilijua kwa sababu jioni nilimtuma mdogo wangu anunue, akaja na bei nyingine. Nimeandika zote mbili.” Mimi sikuwa nimejua habari ya mdogo wake. Hakuwa amenieleza.

Hapo ndipo ninapoanzia ombi langu kwa KNEC. Mwaka uliofuata kijana mmoja aliniletea ripoti ya kurasa 14, imechapwa na kufungwa vizuri saiba, duka la kompyuta na intaneti, kuhusu athari za mitandao ya kijamii kwa vijana. Kiswahili chake kilikuwa safi kupita kiasi. Ilijaa asilimia. Nilimuuliza, “Hawa vijana waliohesabiwa hapa wanaishi wapi?” Aliitazama karatasi kana kwamba anaiona mara ya kwanza, akasema, “Sijui, Mwalimu.” Walikuwa vijana wa Marekani. Ripoti iliandikwa na programu ya akili unde, na tafsiri yake ikanyooshwa na mtu wa saiba kwa pesa alizopewa na mamake, mama ambaye alidhani anamsaidia mwanawe na alikuwa amejinyima ili zipatikane.

Sikumwadhibu. Tulianza upya, na swali lake likawa la kundi la WhatsApp la ploti yao. Ila nawaomba mlione jambo hili kwa upana wake. Nairobi hii ina vijana wengi wenye shahada ambao wameishi kwa kuandikia wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Uingereza kazi zao za masomo. Ufundi wa kuandika utafiti umejaa katika mitaa yetu, na umekuwa ukiuzwa nje kwa ukurasa. Mradi wa Gredi ya 12 ukibaki kuwa faili ya kupakiwa kwenye tovuti ya mtihani, soko hilo litageuka lielekee watoto wetu, na anayelipia ataonekana bora kuliko yule wa daftari la rula. Tayari mmezoea kupokea alama za tathmini za shuleni, kwani katika KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, alama za Gredi ya 7 na ya 8 ni asilimia 20 ya matokeo ya mwanafunzi. Kwa hiyo njia ya kuzipitisha mnayo. Ongezeni sikio. Mtoto akae dakika kumi mbele ya mwalimu wa shule jirani, aeleze swali lake alilipataje, nini kilimshangaza, na nini alitaka kukifuta. Sehemu kubwa ya alama itoke hapo. Huhitaji kununua mtambo wa kunasa akili unde ukishasikia mtu akieleza alivyofukuzwa na mchuuzi siku ya kwanza.

Na tafadhali andikeni wazi kwenye mwongozo kwamba ripoti ya mkono inapokewa sawa na iliyochapwa. Sentensi moja tu ya aina hiyo itawaokoa wazazi wengi wa huku kwetu na gharama wasiyoiweza.

Kwa KICD nina ombi la lugha, na nalisema kama mwalimu wa Kiswahili aliyeona hasara kwa macho. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, shule zikisikia neno utafiti, moja kwa moja huandaa fomu za Kiingereza. Mtoto anamhoji mama mboga kwa Kiswahili, anajibiwa kwa Kiswahili, kisha usiku anahangaika kugeuza majibu kwa lugha nyingine, na njiani yanapotea yale maneno yenyewe yaliyobeba maana. Msichana wangu angeandikaje “anawadai wateja wake” pamoja na uzito wote wa deni la mtaani? Angeandika kitu kilichonyooka na kilichokufa. Tena mzee wa Nyumba Kumi na mchuuzi wasingemwelewa, na ukumbi mzima wa wale waliochunguzwa ungekaa kama wageni katika habari zao wenyewe. Semeni kwenye mtaala, kwa maandishi, kwamba mwanafunzi achague kuandika na kuwasilisha kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na kwamba atasahihishwa na mtu anayeijua lugha aliyoichagua.

Tunahitaji pia kurasa mbili za mwongozo wa maadili, zilizoandikwa kwa lugha ambayo mtoto wa miaka 16 anaielewa. Kijana mmoja alitaka kuzunguka ploti akiuliza nani anatumia dawa za virusi vya ukimwi. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na madhara yangekuwa makubwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto, lakini ni walimu wangapi wamewahi kuambiwa hivyo? Watoto watembee wawili wawili, mchana, mahali ambapo nyumbani wanapajua. Nimewahi kumfuata mwanafunzi mwenyewe saa moja jioni kwa sababu hakurudi alipotarajiwa. Alikuwa salama, akisubiri mvua ipungue, lakini usiku huo sikulala.

Kisha milango. Ofisi moja ya umma hapa mjini iliwatuma wanafunzi wangu wanne walete barua. Wakaleta. Ikataka barua nyingine kutoka juu. Wakaleta. Mara ya tatu waliambiwa takwimu hizo si za watoto. Walichokuwa wakiomba ni ratiba ya mgao wa maji ya miezi iliyopita. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Mtoto ni raia. Wizara ikituma waraka mmoja kwa ofisi za umma ukisema wanafunzi wa shule za upili watakuja, na waje na barua moja tu ya mwalimu mkuu, itakuwa imefanya kazi kubwa kuliko vitabu elfu.

Mahali pengine milango iko wazi na sisi ndio hatuendi. Maktaba ya McMillan imekuwepo katikati ya jiji tangu 1931. Matawi yake ya Kaloleni na Makadara yako huku kwetu Eastlands, yamekarabatiwa, na wanafunzi wangu huingia humo kwa miguu. Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka iko Moi Avenue, na kila siku maelfu hukutania nje yake bila kujua kilicho ndani. Nilipowapeleka watoto 11 kusoma faili za zamani za mitaa ya Nairobi, mmoja wao alikuta jina la mtaa wao kwenye karatasi iliyopigwa taipu kabla babu yake hajafika mjini. Alilisoma kwa sauti, akaambiwa anyamaze, akalisoma tena kwa kunong'ona. Walimu wakuu, nipeni ruhusa ya asubuhi moja tu kwa muhula, na hiyo maabara ya kompyuta inayofungwa kwa kufuli baada ya somo la Kompyuta ibaki wazi hadi saa kumi na moja na nusu. Nitakaa nayo mimi.

Waheshimiwa, Gredi ya 10 ya mwaka huu watamaliza mwaka 2028. Mnayo miaka miwili na kitu ya kuamua watapimwaje, na naamini mwongozo huo uko mezani mwenu hivi sasa. Vikundi vyetu vya Ijumaa vitawasilisha wiki ya tatu ya muhula ujao, saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi ule ule wa kulia chakula. Safari hii watakuwemo watoto sita wa Gredi ya 10, na mmoja anachunguza kwa nini taa za barabara ya nyuma ya shule huwaka mchana. Nimewawekea viti vinne mstari wa mbele, kimoja kwa kila ofisi niliyoiandikia. Hatutawaomba hotuba. Njooni msikilize dakika tano, kisha muulize maswali kwa dakika kumi.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili na Historia,
Eastlands, Nairobi